Kitenzi Kisichotua

Msomaji wa Kiswahili anayefungua riwaya za Kiingereza hukutana mapema na kitenzi "flit". Kipepeo husemwa hivyo anapotoka ua hili kwenda lile, popo husemwa hivyo magharibi inapoingia, na tabasamu linalomjia mtu na kumtoka papo hapo nalo husemwa hivyo. Hata kijana asiyedumu kazini huelezwa kwa neno hilohilo. Mwanafunzi akiuliza maana yake, jibu la haraka huwa "kuruka upesi". Jibu hilo litamvusha sentensi, lakini limeuweka mkazo mahali pasipostahili, yaani kwenye kasi. Kasi ni sehemu ndogo ya kitenzi hiki. Kilichomo ndani yake hasa ni kutotua: kwenda pasipo kukaa, kugusa pasipo kushika. Mtu akilishika hilo, ataelewa matumizi ambayo mwanzoni yanaonekana hayana uhusiano wowote, yakiwemo yale ya Waskoti, ambao "flit" yao haina ndege wala kipepeo ndani yake. Yao ina vitanda, masufuria na mkokoteni.

Waskoti ndio walio karibu zaidi na asili. Neno lilitoka katika Kinorse cha kale, "flytja", na maana yake ilikuwa kubeba kitu na kukipeleka mahali pengine. Watu wa Skandinavia walianza kuvamia pwani za Uingereza mwishoni mwa karne ya 8, na mwaka 865 likaja jeshi kubwa lao. Wengi hawakurudi makwao. Walikaa kaskazini na mashariki mwa nchi, wakalima na kuoa, na lugha yao ikaingia jikoni na sokoni kwa Waingereza. Ndiyo sababu maneno ya kila siku kama "take", "egg", "window" na "sky", hata kiwakilishi "they", yana asili ya Kinorse. "Flit" ni mwenzao. Tayari limo katika Ormulum, utungo mrefu wa kidini ulioandikwa na mtawa aliyeitwa Orm, huko Lincolnshire, mwishoni mwa karne ya 12. Ndugu zake waliobaki Skandinavia wangali hai: Mnorwei au Mdenmarki anayehama nyumba husema "flytte", Mswidi husema "flytta". Kwao neno halikuwahi kuota mabawa.

Uingereza liliota, na hatua zake zinafuatika. Kwanza mtu alibeba mzigo. Kisha alijihamisha yeye mwenyewe pamoja na vitu vyake. Baadaye neno likamwelezea mtu anayeondoka tu, hata kama hana kitu mkononi, halafu likaelezea roho inayouacha mwili na wakati unaopita. Mwisho likawafikia wadudu na ndege wadogo. Kila hatua ilipunguza mzigo, hadi neno lililoanza na mtu mwenye gunia begani likaishia kwa kiumbe asiyeweza hata kulipinda jani anapolikanyaga. Kiswahili kina kitenzi kinachotusaidia kuiona safari hii vizuri. "Kutua" ni kushusha mzigo chini, na ndege naye hutua tawini. Anayebeba mzigo kutoka nyumba moja hadi nyingine bado hajatua, na ndege aitwaye chozi anayezunguka kwenye maua ya mkomamanga naye hajatua. Mhamaji na ndege wanakutana hapo.

Uskoti na kaskazini mwa Uingereza maana ya kuhama haikupotea, na maisha ya huko yanaeleza kwa nini. Nyumba za kupanga zilikodishwa kwa mwaka mzima, na mikataba iliisha tarehe moja kwa kila mtu. Robert Chambers, katika kitabu chake cha The Book of Days cha 1864, aliitaja tarehe 25 Mei kuwa siku ya kuhama ya Waskoti. Siku hiyo mtaa mzima ulitoka nje. Familia moja ilikuwa ikitoa meza mlangoni huku nyingine ikisubiri kuingiza yake, na mikokoteni ilipishana njiani. Sheria ya mwaka 1886 ikaja kuweka tarehe 28 Mei na 28 Novemba kuwa siku za kuhama. Mpangaji alitakiwa aseme mapema kama atakaa au ataondoka, na kwa Kiingereza maneno hayo mawili yana kina kimoja: "sit" na "flit". Lugha ya huko iliyashika yakawa pacha. Methali ya Kiskoti inasema kwamba wapumbavu hupenda kuhama na wenye busara hupenda kukaa, na vina vyake ni hivyohivyo. Kuna nyingine inayoonya kuwa anayehama Jumamosi hatakaa sana.

Waskoti pia walihifadhi sarufi ya zamani. Katika Kiingereza cha kawaida huwezi ku-"flit" kitu. Kitenzi hakichukui yambwa. Kwa Waskoti kinachukua. Mkulima aliyemfunga ng'ombe malishoni kwa kamba, nyasi zikiisha, humhamishia mahali penye nyasi mbichi, na tendo hilo huitwa kwa kitenzi hiki. Hapo tunamwona mbebaji wa Kinorse bado yuko kazini, baada ya karne nyingi.

Kuna hadithi ya kaskazini inayoonyesha jinsi neno hili lilivyozoeleka. Mkulima alisumbuliwa na boggart, pepo mtundu wa nyumbani, aliyevunja vyombo na kuwavuta watoto mablanketi usiku. Alipochoka, alipakia mali yake yote mkokotenini ili aende zake. Njiani jirani alimuuliza kama ndiyo anahama. Kabla mkulima hajajibu, sauti ilitoka ndani ya pipa la kusukia maziwa, ikasema naam, tunahama. Mkulima akageuza mkokoteni akarudi nyumbani, kwa kuwa taabu yake ilikuwa imepanda naye. Alfred Tennyson, mzaliwa wa Lincolnshire, aliiingiza hadithi hiyo katika shairi lake "Walking to the Mail", lililochapishwa 1842. Nguvu yake yote iko kwenye kitenzi kimoja kinachotamkwa na asiyetarajiwa. Pepo anatumia neno lilelile la kawaida la mpangaji, tena kwa wingi, kama mmoja wa familia.

Mshairi John Clare alihama mwaka 1832 kutoka kijiji cha Helpston alikozaliwa hadi Northborough, mwendo wa kilomita chache tu, na shairi alilolitunga kuhusu uhamisho huo linaitwa "The Flitting". Kwa asiyejua maana ya kale, jina hilo linaahidi vipepeo. Anayeijua anaelewa tangu mwanzo kwamba huyu ni mtu aliyeng'olewa kwao. Msomaji mmoja ataingia katika shairi akiwa na furaha, mwingine akiwa na huzuni, na chanzo cha tofauti ni neno moja la kichwa. Mfasiri wa Kiswahili atakayeliita shairi hilo kwa jina lenye kuruka au kupepea atakuwa amelipoteza kabla ya ubeti wa kwanza.

Jambo kama hilo lipo katika Zaburi ya 56, pale mwomba dua anapomwambia Mungu kwamba Yeye anazijua safari zake zote za taabu. Miles Coverdale, anayeaminika kuwa mzaliwa wa Yorkshire, aliandika "flittings" katika tafsiri yake ya karne ya 16, na Waanglikana wakaihifadhi katika Kitabu cha Sala. Biblia ya Mfalme James ya 1611 iliacha neno hilo ikaweka "wanderings". Biblia ya Kiswahili ya Muungano ya 1952 inasema "kutanga-tanga". Sidhani wafasiri wa Kiswahili walikuwa wakimwangalia Coverdale, lakini neno lao linakaa vizuri kando ya lake: lina mtu asiye na makao, na urudufu wake unamwonyesha akienda tena na tena.

Watu wa Uingereza wasio wa kaskazini nao wamebakiwa na kipande cha maana hii. Mpangaji anayetoroka usiku na vitu vyake ili asilipe kodi husemwa kuwa amefanya "moonlight flit", kuhama kwa mbalamwezi. Jambo lenyewe halihitaji maelezo kwa msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam. Hapa tunasema amemkimbia mwenye nyumba. Siku hizi "do a flit" hutumika hata bila usiku na bila kodi, kwa yeyote anayeondoka kimya akiwaacha wanaomdai wakimtafuta.

Matumizi mepesi ndiyo yanayowashughulisha wanafunzi wengi, nayo yana umbo lake. Kitenzi hiki hakipendi kusimama peke yake. Ukisema "the bird flitted" na kuweka nukta, Mwingereza atasubiri uendelee. Kinahitaji njia, na njia hizo ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya miguso mingi: kutoka huku hadi kule, kati ya hiki na kile, huku na huko. Hapa ndipo "from flower to flower" na "flit about" zinapokaa. Ya pili ni ya mpito mmoja, na huletwa na "across", "past" au "through". "A smile flitted across her face" haina miguso mingi. Tabasamu limekuja mara moja likaenda. Ndege ana vituo vingi na tabasamu halina hata kimoja, ila yote mawili hayakai. Mtu akishikilia kasi kuwa ndiyo maana, atashindwa kueleza kwa nini risasi haifanyi "flit" ingawa ina kasi kuliko ndege wote, na kwa nini popo hufanya hivyo hata anapozunguka polepole chini ya mwembe.

Kiima nacho kina masharti. Kiwe chepesi, kisifanye kishindo, na mwendo wake usitabirike. Vipepeo, kerengende, popo na ndege wadogo wanafaa. Vivuli na mizimu inafaa sana, kwa sababu haina uzito kabisa. Mawazo, hofu na kumbukumbu zinafaa. Macho yanayoruka kutoka mtu hadi mtu yanafaa. Tembo hafai, wala lori. Mwandishi akimpa mtu mnene kitenzi hiki, anataka msomaji ashangae jinsi anavyotembea, na anajua anachofanya.

Majirani wa kitenzi hiki huwakanganya watu, na inafaa kuwatenganisha. "Dart" limetokana na mkuki mdogo wa kurushwa. Mwendo wake ni wa mstari ulionyooka na una shabaha. "Flutter" inahusu mabawa yenyewe kupigapiga, na ndege anaweza kufanya hivyo bila kusogea hata hatua, kama vile kuku anavyopapatika mkononi mwa mchinjaji. "Scurry" ni ya miguu midogo yenye woga, ya panya anayekimbilia tundu. "Swoop" ni ya kushuka kwa kasi kutoka juu. Mbayuwayu anaistahili kuliko "flit", kwa sababu mwendo wake una mkunjo mrefu na nguvu.

Sauti ya neno inasaidia pia. Mwanaisimu J. R. Firth, mwaka 1930, alilipa jina jambo ambalo wengi walikuwa wamelihisi: kwamba vikundi fulani vya sauti katika Kiingereza huelekea kubeba maana zinazofanana, ingawa maneno yenyewe hayana ukoo mmoja. Sauti "fl" mwanzoni mwa neno ni mfano mzuri: "fly", "flow", "flee", "flutter", "flicker", "flash". Mengi yana mwendo au mwanga usiotulia. Pingamizi lipo, tena kubwa: "floor" ni sakafu, "flesh" ni nyama, na hakuna vitu vilivyotulia kuliko hivyo. Kwa hiyo sauti haizai maana. Naamini hata hivyo kwamba huivuta. Neno la kubeba mzigo lililojikuta likiishi mtaa mmoja na "fly" na "flutter", lenye irabu fupi na "t" inayolikata ghafla, lilikuwa na kila sababu ya kuwa jepesi. Huko Skandinavia lilibaki na silabi mbili, na likabaki na mzigo wake. Kiswahili kina mvuto wa aina hii katika "pepea", "peperuka", "papatika" na "puruka", ambamo midomo inafungika na kufunguka mithili ya bawa.

Edgar Allan Poe aliusikia uwezo huo wa sauti na akaugeuza. Katika "The Raven", shairi lake la 1845, kunguru ameingia chumbani kwa mtu aliyefiwa na mpenzi wake na kutua juu ya sanamu ya mungu wa kike Pallas. Katika ubeti wa mwisho Poe anatumia kitenzi chetu kwa kukanusha: ndege huyu ha-"flit", na kina anachomwekea ni "sitting". Ni jozi ileile ya Waskoti ya kuhama na kukaa. Tunategemea ndege ainuke aende zake, na huyu amekataa kazi ambayo kitenzi kilimpa. Hofu ya mwisho wa shairi imejengwa juu ya ukanusho huo.

Wepesi una bei yake anapohusika mtu. Kipepeo akienda kutoka ua hadi ua, Mwingereza anapendezwa. Mtu akienda kutoka kazi hadi kazi, mchumba hadi mchumba, chama hadi chama, kitenzi kilekile kinamshitaki kuwa hana mzizi. Msemaji hahitaji kuongeza neno la lawama, kwani kitenzi kimeshalileta. Wanahabari wanalijua hilo vizuri. Wakiandika kwamba tajiri fulani "flits between London and Dubai", hawajasema amekosea popote, lakini msomaji ameshaambiwa kwamba bwana huyo hayuko karibu na watu wala na matatizo yao. Dharau hii ilifika mbali: katika Marekani ya katikati ya karne ya 20 neno lilitumika kama tusi kwa wanaume waliodhaniwa kuwa mashoga, na mwandishi J. D. Salinger aliliweka hivyo kinywani mwa wahusika wake katika riwaya ya The Catcher in the Rye ya 1951. Anayejifunza Kiingereza asimwambie mwajiri kwamba yeye hu-"flit" kati ya miradi mitatu. Atakuwa amejishitaki mwenyewe.

Neno lilipata pia maisha ya kibiashara. Mwaka 1923 kampuni ya Standard Oil ya New Jersey ilianza kuuza dawa ya wadudu iitwayo Flit, iliyopulizwa kwa bomba la mkono. Theodor Geisel, aliyekuja kujulikana duniani kwa jina la Dr. Seuss kutokana na vitabu vyake vya watoto, aliichorea matangazo kuanzia 1928, kwa miaka 17. Bidhaa ilisambaa hivi kwamba katika Kiarabu cha nchi za Ghuba dawa ya kupuliza wadudu, ya kampuni yoyote, huitwa "flit". Mtu anayeitumia huko anatamka neno la mabaharia wa Kinorse pasipo kujua.

Kwa nini Kiingereza kina vitenzi vingi vya mwendo kama hivi? Mwanaisimu Beth Levin, katika kitabu chake cha 1993 kuhusu makundi ya vitenzi vya Kiingereza, aliorodhesha zaidi ya 100 katika kundi moja tu la namna ya kwenda, na "flit" imo. Mwanaisimu mwingine, Leonard Talmy, mwaka 1985 alionyesha kwamba lugha zinagawana kazi kwa njia tofauti. Kiingereza hutia namna ya mwendo ndani ya kitenzi, kisha mwelekeo hubebwa na kineno kidogo cha pembeni. Kihispania hufanya kinyume: kitenzi hubeba mwelekeo, na namna huelezwa baadaye ikihitajika. Mtafiti Dan Slobin aliwapa watu wa lugha mbalimbali kitabu cha picha kisicho na maneno, Frog, Where Are You? cha Mercer Mayer, wasimulie hadithi yake. Wasimulizi wa Kiingereza walitumia vitenzi vya namna ya mwendo kwa wingi kuliko wa Kihispania.

Kiswahili kinaelekea upande wa Kihispania. Ingia, toka, panda, shuka, vuka, pita: mwelekeo umo ndani ya kitenzi. Tunasema popo aliingia chumbani akipepea, na Mwingereza anasema yote kwa kitenzi kimoja na kineno "in". Wapo wanaoona hapo upungufu wa Kiswahili. Sikubaliani nao, na kitenzi hiki ndicho ushahidi wangu. Zile njia mbili za "flit" zina vyombo vyake kamili katika sarufi yetu. Njia ya miguso mingi inabebwa na urudufu: chozi anarukaruka mauani, vivuli vinapitapita ukutani, kijana anahamahama kazi. Njia ya mpito mmoja inabebwa na kauli ya kutendea: tabasamu lilimpitia usoni, wazo lilimpitia akilini. Kiingereza kinatumia kitenzi kimoja kwa yote mawili na kuviachia vihusishi kazi ya kutofautisha. Sisi tunatofautisha ndani ya kitenzi chenyewe. Kinachopotea katika tafsiri ni ule wepesi wa kimya, na huo unaweza kurudishwa na kielezi au kiima kilichochaguliwa vizuri.

Kwa hiyo watunzi wa kamusi na walimu waache kutoa kisawe kimoja kwa kitenzi hiki. Waanze na maana ya kuhama, ambayo ndiyo kongwe na bado iko hai Uskoti, kisha waonyeshe mifano kwa kufuata kiima na kihusishi: kilicho na "from" na "to" kiwekewe kitenzi cha kurudufu, kilicho na "across" kiwekewe "pitia", na kinachomhusu mtu asiyedumu kipewe "hamahama" au "tangatanga" pamoja na lawama yake. Mwanafunzi aliyepewa mifano minne ya namna hiyo atasoma riwaya kwa usahihi kuliko aliyekariri "kuruka upesi".